Elimu Inayokopa Kanuni Zake: Mafunzo ya Kusoma Hoja za Paris

Anayefungua Summa Theologiae ya Thomas Aquinas, mwanateolojia aliyefundisha Paris, kwa mara ya kwanza hukutana mapema kabisa, kwenye kipengele cha pili cha swali la kwanza, na maneno machache ya Kilatini: Utrum sacra doctrina sit scientia. Wengi huteleza hapo hapo. Wanaitafsiri scientia kuwa "sayansi", wanawaza maabara, mizani na majaribio ya kurudiwa, na dakika tano haziishi wameshaamua kwamba watu wa karne ya 13 walikuwa wanajidanganya. Wapo pia wanaoteleza kwa upande wa pili: wanashangilia kwamba mtakatifu ameithibitisha dini kisayansi. Hakuna kati yao aliyesoma kilichoandikwa.

Msomaji wa Kiswahili ana dawa ya kosa hili kinywani mwake. "Elimu" yetu ni ile ile ilm ya Kiarabu, na katika vitabu vya mwanafalsafa Ibn Sina ndilo neno ambalo watafsiri wa Toledo, Hispania, waliligeuza kuwa scientia. Kitabu cha Aristotle kuhusu uthibitisho, ambacho Walatini walikiita Analytica Posteriora, Waarabu walikiita Kitabu cha Burhani. Dhana, yakini, shaka, mantiki na dhati tunayatamka kila siku bila kujua yametoka darasa gani. Basi swali la Thomas lisomwe hivi: je, mafundisho matakatifu (teolojia) ni elimu, yaani ujuzi wa yakini unaopatikana kwa burhani, hoja inayothibitisha? Likiulizwa hivyo, unajua kinachotafutwa ni misingi ya jengo: ni ipi, nani ameikagua, na kuta zimesimamaje juu yake.

Aristotle aliweka masharti sita kwa kauli ambazo burhani inaanzia. Ziwe za kweli, ziwe za kwanza, zisiwe na kauli nyingine katikati ya kuzithibitisha, zijulikane kuliko hitimisho, zilitangulie hitimisho, na ziwe sababu ya hitimisho. Sharti la sita ndilo gumu, na ndilo husahauliwa. Hoja inaweza kuwa sahihi kabisa na bado isiwe burhani kamili, kwa kuwa haitoi sababu.

Mfano wake mwenyewe ni wa sayari, na unafaa kufanyiwa mazoezi kwa kalamu. Tazama Zuhura jioni: nuru yake imetulia, wakati nyota zinametameta. Sasa panga hoja. Kisichometameta kiko karibu, sayari hazimetameti, basi sayari ziko karibu. Hitimisho ni sahihi, lakini kutometameta siyo kinachozifanya sayari ziwe karibu. Igeuze. Kilicho karibu hakimetameti, sayari ziko karibu, basi hazimetameti. Hapa kiungo cha kati, neno linalounganisha kauli mbili za mwanzo, ni ukaribu, nao ndio sababu yenyewe. Hoja ya kwanza waliiita burhani ya quia, inayothibitisha kwamba jambo liko. Ya pili waliiita propter quid, inayoeleza kwa nini liko. Asiyeshika tofauti hii atapotea kila mara Thomas, au Scotus na Ockham waliomfuata, anapoandika maneno hayo mawili, na wanayaandika kila baada ya kurasa chache. Njia tano za kuthibitisha kuwapo kwa Mungu (I, q. 2, a. 3, yaani sehemu ya kwanza, swali la pili, kipengele cha tatu) ni burhani za quia, kutoka athari kwenda kwenye chanzo, na Thomas amelisema hilo wazi kipengele kimoja kabla. Anayezilaumu kwa kutoeleza Mungu ni nini anazidai kitu ambacho hazikuahidi.

Kabla ya kwenda mbali, tuseme namna ya kukisoma kipengele, maana makosa mengi hayatokani na ugumu wa hoja. Yanatokana na kutojua nani anasema. Kipengele cha Summa kina viungo vitano: kichwa cha swali kinachoanza na Utrum, pingamizi, zinazofunguliwa na Videtur quod, "inaonekana kwamba", kisha Sed contra, "lakini kwa upande mwingine", kisha Respondeo, jibu la mwandishi, mwishoni majibu kwa pingamizi moja moja, Ad primum, Ad secundum. Umbo hili limetoka kwenye mdahalo wa chuo. Kule Paris mwalimu alitoa swali, wasikilizaji wakaleta hoja, mwanafunzi wa daraja la baccalarius akajitetea, na mwalimu akarudi siku nyingine kutoa uamuzi, ambao uliitwa determinatio. Summa yenyewe haikuwa kumbukumbu ya mdahalo. Thomas aliianza Roma, mwaka 1265 au 1266, kwa ajili ya wanaoanza kujifunza. Ila umbo alilichukua.

Kosa la kawaida kupita yote ni kunukuu pingamizi kana kwamba ni kauli ya Thomas. Kipengele cha njia tano kinafunguka kwa Videtur quod Deus non sit, "inaonekana kwamba Mungu hayupo". Wapo walioinukuu hivyo hivyo. Kosa la pili ni kuidhania Sed contra kuwa ndiyo hoja yake kuu. Kwa kawaida ni nukuu moja tu ya kugeuza mwelekeo, na wakati mwingine haibebi uzito wowote. Mpangilio wa kusoma uliotusaidia zaidi ni huu: soma kichwa, ruka hadi Respondeo, uisome mara mbili, ndipo urudi kwenye pingamizi ya kwanza na kuishusha pamoja na jibu lake, halafu ya pili na jibu lake. Ukizisoma pingamizi zote kwa mfululizo, ukifika kwenye majibu utakuwa umeshasahau ya kwanza ilisema nini. Na ukinukuu, andika hadi mwisho: "I, q. 1, a. 2, ad 1" ni jibu la pingamizi ya kwanza, na "arg. 1" ni pingamizi yenyewe. Herufi chache hizo zinatenganisha alichokisema na alichokikataa.

Turudi basi kwenye kipengele cha pili cha swali la kwanza. Pingamizi ni mbili. Ya kwanza: kila elimu huanzia kwenye kanuni zinazojulikana zenyewe bila kuthibitishwa, mafundisho haya yanaanzia kwenye vipengele vya imani, ambavyo si watu wote wanavikubali, kama Mtume Paulo alivyowaandikia Wathesalonike kwamba si wote walio na imani. Ya pili: elimu haishughuliki na mtu mmoja mmoja, inashughulika na yale ya jumla, mafundisho haya yamejaa habari za Abrahamu, Isaka na Yakobo. Sed contra ni maneno ya Augustine, na kwa hoja hii hayafikishi mbali.

Pingamizi ya pili inajibiwa haraka: hao watu mmoja mmoja wanatajwa kama vielelezo vya maisha, jinsi inavyofanyika katika elimu ya maadili, na pia ili kuonyesha mamlaka ya wale ambao ufunuo ulipitia kwao. Nguvu yote iko kwenye ile ya kwanza. Thomas anasema elimu ni za aina mbili. Zipo zinazoanzia kwenye kanuni zinazojulikana kwa nuru ya akili ya kawaida, kama hesabu na jiometri. Zipo zinazoanzia kwenye kanuni zilizothibitishwa na elimu ya juu yake: elimu ya kuona inakopa kutoka jiometri, na muziki unakopa kutoka hesabu. Mafundisho matakatifu yako kwenye kundi hili la pili. Yanakopa kanuni zake kutoka kwenye elimu ya juu, nayo ni ujuzi alio nao Mungu mwenyewe na watakatifu walio mbinguni.

Muziki ulitajwa kwa sababu. Kila aliyepita kitivo cha sanaa, daraja la kwanza la chuo, alikuwa amejifunza muziki kama tawi la hesabu, kwa kitabu cha Boethius, na kwa chombo cha kamba moja kiitwacho monochordum. Chukua kamba ya sentimita 60. Ibonyeze katikati, sentimita 30 zilie: unapata sauti ile ile iliyopanda oktava moja, uwiano wa 2 kwa 1. Ziache sentimita 40 zilie, uwiano ni 3 kwa 2. Ziache 45, ni 4 kwa 3. Tofauti kati ya hizo mbili za mwisho ni hatua moja nzima ya sauti, nayo ni 9 kwa 8. Sasa mwanamuziki anataka kuigawa hatua hiyo mafungu mawili yaliyo sawa kabisa. Hawezi. Zidisha kwa mbili upate 18 kwa 16, weka 17 katikati: 18 kwa 17 na 17 kwa 16 hazilingani. Atajaribu namba nyingine mpaka achoke. Mwanahesabu ndiye mwenye burhani kwamba kati ya namba mbili zinazopishana kwa moja haiwezekani kupatikana uwiano wa katikati wa namba kamili. Mwanamuziki anaipokea kauli hiyo, anaitumia, anajenga juu yake, na hakuna anayemwambia kwamba muziki wake si elimu.

Ni mfano mzuri, na ndiyo maana wapinzani waliushambulia kwa miaka sabini. Tazama panapovuja.

Mwanamuziki akitaka, kesho anaweza kwenda kusoma hesabu akaiona burhani kwa macho yake. Mwanateolojia hana kesho ya namna hiyo katika maisha haya. Halafu muziki una mada yake iliyo chini ya mada ya hesabu: namba imeongezewa sauti. Teolojia inamwongezea Mungu nini ili iwe chini ya ujuzi wa Mungu kuhusu Mungu? Na la tatu, ambalo William wa Ockham alilisema kwa ukali mwanzoni mwa karne ya 14: ni utoto kudai kwamba mimi najua mahitimisho ya teolojia kwa sababu Mungu anajua kanuni ambazo mimi naziamini. Wewe ukijua kanuni na mimi nikakuamini, mimi ninaamini tu. Ujuzi wako haujahamia kwangu.

Ni hoja nzito, na haifai kumtetea Thomas haraka haraka. Tulichojifunza ni kwamba kabla ya kuamua nani ameshinda, uliza kila mwandishi scientia anaiweka wapi. Ockham anaiweka ndani ya akili ya mtu mmoja: ni habitus, hali iliyokaa akilini, inayomfanya mtu huyu alione hitimisho hili kwa udhahiri. Kwa kipimo hicho amesema kweli, kwani anayeamini hana udhahiri. Thomas katika kipengele hiki anatazama zaidi mpangilio wa mafundisho yenyewe: yana kanuni, yana mahitimisho, na kanuni hizo zinajulikana mahali fulani. Wala hakuwa kipofu kwa tatizo la mtu mmoja. Katika De Veritate (q. 14, a. 9, ad 3) anakiri kwamba mwenye elimu ya chini haifikii elimu kikamilifu mpaka ujuzi wake uungane na ujuzi wa aliye juu, hata hivyo anaweza kusemwa ana elimu ya mahitimisho, ingawa kanuni anaziamini. Kwa hiyo wanabishana juu ya vitu viwili vilivyo karibu sana, wakitumia neno moja. Vitabu vingi vya muhtasari vinalipita jambo hili bila kuligusa, ndipo Thomas anaonekana mjinga au Ockham anaonekana mkaidi.

Katikati yao kulikuwa na majaribio mengine. Henry wa Ghent alipendekeza kwamba wanateolojia hupewa nuru maalumu, juu ya nuru ya imani na chini ya nuru ya utukufu waliyo nayo walio mbinguni, inayowawezesha kuelewa wanachokiamini. Godfrey wa Fontaines hakuikubali nuru hiyo hata kidogo. Unaweza kuona kwa nini: kila mwalimu wa teolojia angejikagua rohoni na kukiri kwamba haioni. Zaidi ya karne moja nyuma, Hugh wa Saint-Victor alikuwa ameshaiweka imani kwenye ngazi yake: juu ya dhana, chini ya elimu. Kwa maneno yetu, mwenye imani ameshapita dhana na shaka, ila burhani bado hajaikuta. Mabishano yote ya baadaye yanahusu upana wa daraja hilo moja.

Upande wa metafizikia, tawi la juu kabisa la falsafa, shida ni nyingine, na hapa funguo ziko kwa Ibn Sina. Mwenyewe anasimulia katika habari za maisha yake kwamba aliisoma Metafizikia ya Aristotle mara 40, mpaka akaikariri, bila kujua inakusudia nini. Siku moja sokoni mchuuzi alimshikilia anunue kijitabu kwa dirhamu tatu. Kilikuwa cha al-Farabi, kuhusu makusudi ya kitabu hicho hicho cha Aristotle. Alikwenda nacho nyumbani, akakisoma, na mambo yakafunguka. Kesho yake akatoa sadaka kwa maskini. Kilichokuwa kinamkwamisha kilikuwa swali moja: elimu hii mada yake ni nini?

Hapo ndipo pa kuweka mazoezi. Kila elimu, kwa kipimo cha Aristotle, ina vitu vitatu: mada inayoizungumzia, kanuni inazoanzia, na sifa inazozithibitisha kuhusu mada. Chora safu tatu, ujaze. Jiometri: mada ni ukubwa, kanuni ni maelezo ya maana na kauli za mwanzo, sifa ni kama ile ya pembe tatu za ndani za pembetatu kujumlishwa kuwa sawa na pembe mraba mbili. Elimu ya maumbile: mada ni kitu chenye mwendo. Sasa jaza metafizikia. Kalamu inasita kwenye safu ya kwanza. Ni Mungu? Au ni kilichopo kwa kadiri kilivyopo?

Ibn Sina alitumia kanuni moja: hakuna elimu inayothibitisha kuwapo kwa mada yake yenyewe. Mwanajiometri hathibitishi kwamba ukubwa upo, anaanza nao. Na kwa kuwa kuwapo kwa Mungu kunathibitishwa ndani ya metafizikia, Mungu hawezi kuwa mada yake. Mada ni kilichopo kwa kadiri kilivyopo. Mungu ni jambo linalotafutwa humo. Ibn Rushd wa Cordoba, aliyefariki mwaka 1198, alipinga vikali. Msomaji mwenye haraka hudhani aliikataa kanuni. Hapana, aliishika kanuni ile ile. Alichokikataa ni mahali pa burhani: kuwapo kwa msukumaji wa kwanza, yaani Mungu, kunathibitishwa katika elimu ya maumbile, kutokana na mwendo, kwa hiyo mwanametafizikia anapokea jambo lililokwisha kuthibitishwa na anaweza kulifanya mada. Kanuni moja, mahitimisho mawili yanayopingana. Ukiwaona wawili wanabishana huko Paris au Oxford kuhusu mada ya metafizikia, angalia kwanza burhani ya Mungu wameiweka katika elimu ipi. Mara nyingi ubishi wote unakaa hapo.

Thomas yuko karibu na Ibn Sina. Katika utangulizi wa ufafanuzi wake wa Metafizikia anasema elimu hii ina majina matatu, elimu ya kimungu, metafizikia na falsafa ya kwanza, na mada yake ni kilichopo kwa jumla. Mungu anaingia kama chanzo cha mada hiyo, kwa sababu ni kazi ya elimu moja kuchunguza mada pamoja na vyanzo vyake. Akiwa anafafanua De Trinitate ya Boethius (q. 5, a. 4), kazi ambayo hakuimaliza, alilisema kwa namna iliyo wazi zaidi: teolojia ni mbili. Katika moja Mungu anatazamwa kama principium ya mada, na hiyo ndiyo metafizikia. Katika nyingine Mungu ndiye mada yenyewe, na hiyo ndiyo ya Maandiko.

Neno principium lina mtego wake. Kwa Kilatini linabeba maana mbili ambazo Kiswahili kinazitenga: kanuni, yaani kauli ambayo hoja inaanzia, na chanzo, yaani kitu ambacho vingine vinatoka kwake. Tafsiri inayoandika "kanuni" kila mahali itakuambia kwamba Mungu ni kanuni ya vilivyopo, na utabaki ukijiuliza ni kanuni namba ngapi. Inayoandika "chanzo" kila mahali itaharibu hoja ya kipengele cha pili, maana vinavyokopwa ni kanuni. Hakuna njia ya mkato. Kila mara angalia sentensi inazungumzia kauli au kitu. Subiectum nayo isitafsiriwe "somo": kwetu somo ni kipindi cha darasani. "Mada" inabeba vizuri zaidi.

John Duns Scotus, Mskoti wa shirika la Wafransisko aliyefariki Cologne mwaka 1308, aliibana hoja mahali pengine. Kama neno "kilichopo" lina maana moja kwa Mungu na nyingine kwa viumbe, burhani yoyote kutoka viumbe kwenda kwa Mungu inavunjika, kwa kuwa kiungo cha kati kimebadilika maana njiani. Kiswahili kinatupa mfano usiohitaji kufafanuliwa. Paa hukimbia porini. Nyumba hii ina paa. Basi nyumba hii ina kitu kinachokimbia porini. Ndiyo maana Scotus alishikilia kwamba neno hilo lazima liwe na maana moja, angalau moja kiasi kwamba kulikubali na kulikana kwa pamoja ni kujipinga. Thomas alikuwa ametegemea mlinganisho: maana si moja, si mbili zisizohusiana, zinapangika kuelekea moja. Nani yuko sahihi ni suala refu. La kushika ni kwamba Scotus hakuianzisha rai hii ili kumshusha Mungu, kama anavyolaumiwa siku hizi na watu ambao hawajafungua Ordinatio, kitabu chake kikuu. Alikuwa anakarabati kiungo cha kati.

Kuhusu kama teolojia ni ya kutazama au ya kutenda, kwa ufupi: Bonaventure alisema ipo hasa ili tuwe wema, Thomas akasema inahusu yote mawili ila zaidi kutazama (q. 1, a. 4), Scotus akasema ni ya kutenda. Angalizo ni moja. Kwa Scotus "kutenda" kunajumuisha tendo la utashi, na kumpenda Mungu ni kutenda. Hakumaanisha miradi ya parokia.

Ubishi huu ulikuwa pia wa ofisi na vyeo. Mwaka 1210 vitabu vya Aristotle kuhusu maumbile vilipigwa marufuku kufundishwa Paris, na kanuni za chuo za mwaka 1215 zikaitaja metafizikia waziwazi. Kanuni hizo hizo zilitaka anayefundisha sanaa awe amefikisha miaka 21 na kusoma kwa miaka sita, na anayefundisha teolojia awe na miaka 35. Ilipofika 1255 kitivo cha sanaa kiliwaagiza wanafunzi wasome karibu kila kitabu cha Aristotle kilichojulikana. Miaka 40 tu, na kilichokatazwa kimekuwa cha lazima. Sasa kulikuwa na walimu vijana wa sanaa wenye burhani mkononi, na juu yao wanateolojia ambao kanuni zao hazithibitishiki. Mwaka 1272 kitivo cha sanaa kiliwakataza walimu wake kujadili maswali ya kiteolojia tupu kama Utatu. Tarehe 7 Machi 1277 askofu Étienne Tempier alilaani kauli 219, na mojawapo ilisema kwamba kujua teolojia hakumwongezei mtu ujuzi wowote. Kauli hiyo ndiyo ile pingamizi ya kwanza aliyoijibu Thomas, iliyovuka mpaka na kuwa dharau.

Mwaka huo 1277 una mtego: mara nyingi inaandikwa kwamba Thomas alilaaniwa. Alikuwa ameshafariki miaka mitatu kamili, Machi 7 mwaka 1274, na jina lake halimo katika orodha. Baadhi ya kauli ziligusa aliyoyafundisha, na mwaka 1325, miaka miwili baada ya kutangazwa mtakatifu, askofu wa Paris aliiondoa laana kwa kadiri ilivyogusa mafundisho yake. Mpangilio wa vitivo ulibaki: sanaa chini, teolojia juu. Kijana wa kwetu anayemaliza falsafa Kibosho au Ntungamo kabla ya kwenda kusoma teolojia Segerea au Kipalapala bado anapanda ngazi ile ile, iliyopewa nguvu mpya na Papa Leo XIII alipoagiza, mwaka 1879, kurudi kwa Thomas.

Kwa anayetaka kuingia mwenyewe, kurasa za kuanzia si nyingi. Anza na Analytica Posteriora, kitabu cha kwanza, sura ya 1 hadi ya 3 na ya 13; humo mna masharti sita na mfano wa sayari. Kisha sura mbili za mwanzo za metafizikia ya Ibn Sina. Kisha kile kipengele kimoja cha ufafanuzi wa Boethius, ndipo swali la kwanza la Summa, vipengele vyote kumi, kimoja kwa siku. Ukifika kwa Scotus hakikisha unajua umeshika nini: mafundisho yake juu ya Sentensi za Peter Lombard, kitabu cha kiada cha teolojia cha wakati huo, yapo katika Lectura, Ordinatio na Reportatio, na matoleo ya zamani ya jina lake yamechanganya kazi zisizo zake. Ordinatio alikuwa bado anairekebisha alipofariki, kwa hiyo utakuta nyongeza zinazokatiza hoja. Ziruke mara ya kwanza. Utangulizi wake una sehemu tano, na ya tatu hadi ya tano ndizo zinazohusu elimu. Ockham mwache mwisho, swali la saba la utangulizi wa ufafanuzi wake wa Sentensi hizo hizo. Anaandika kama mtu aliyeingia chumbani mabishano yakiwa yameshaiva, na hakumbushi mtu nani alisema nini. Asiyewajua waliotangulia anaona hasira tupu, mahali ambapo Ockham anamhoji mwanamuziki kama amewahi kuiona burhani ya 9 kwa 8.